Flashi za Mtumba na Uso wa Mama

Mama yangu hakuwa na picha. Yaani alikuwa nazo, zimejaa kwenye bahasha ndani ya kabati la vyombo, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na uso wake. Kwenye picha ya harusi yupo baba, kavaa suti ya kuazima na tabasamu la kulazimishwa, na ubavuni kwake limesimama gauni jeupe. Juu ya gauni pana kiza, na ndani ya kiza pana meno. Kwenye picha ya walimu wenzake, waliopanga mistari mbele ya ofisi ya shule, ukihesabu vichwa unampata. Ukitafuta sura humpati. Mama alikuwa mweusi wa kwao kusini, Masasi, weusi unaong'aa asubuhi mtu akishapaka mafuta, na kila mpiga picha aliyemwelekezea kamera aliishia kupiga nguo yake.

Zamani hakujali, au alijifanya hajali. Kilichobadili mambo ni msiba wa mama mkubwa, dada yake aliyemwachia ziwa. Alifia kwetu, Mtoni, na sisi watu wa kusini tuliohamia Temeke tulikuwa tumeshaizoea ile desturi ya kubeba picha ya marehemu mbele ya jeneza. Picha ya kubeba haikuwepo. Ikakatwa kutoka kwenye picha ya kwaya, ikakuzwa, ikatiwa fremu yenye rangi ya dhahabu. Kilichobebwa siku ile kilikuwa kola nyeupe na doa. Tulipokuwa tunaelekea makaburini, mwanamke mmoja aliyesimama kando ya njia akainama kuitazama, kisha akamuuliza mwenzake, "Kwani marehemu yupi? Mbona haonekani?"

Mama alisikia. Alikuwa kamshika mkono mtu, sikumbuki nani, na niliona vidole vyake vinakaza. Tuliporudi nyumbani, akiwa ameinama kuvua viatu, aliniambia bila kuinua kichwa, "Mimi msije mkanibeba hivyo."

Aliniambia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kamera. Nilikuwa karani kwenye shirika moja la umma, wakaja kutupunguza kama walivyopunguza watu wengi miaka ile, na kile walichonipa mkononi nikanunulia kamera badala ya kufungua genge kama wenzangu. Nilikuwa napiga picha za ubatizo, za kipaimara, za mtu na redio yake mpya. Maduka ya Kariakoo yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, mikanda ya picha za rangi ilikuwa inauzwa hadharani kama sabuni, na mjini zilikuwa zimeingia mashine za kusafisha picha ukisubiri. Nilijiona mjanja. Lakini picha za mama nilizopiga mimi zilikuwa kiza kile kile.

Nikampeleka kwanza studio ya mjini, zile za siku nyingi zenye taa kubwa na mandhari ya maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani. Mpiga picha akamtazama, akatoa kopo la poda, akampaka uso mzima kama anayenyunyizia andazi sukari. Picha ilipotoka mama aliishika kwa ncha za vidole. "Zamani nilikuwa kiza," alisema, "sasa nimekuwa majivu. Afadhali kiza."

Yule wa mashine ya kusafisha picha naye akaniambia, bila haya, kwamba tatizo ni mama mwenyewe, ni mweusi mno. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Mimi ni wa rangi ile ile, na alikuwa akiniambia usoni. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka mitaa ya Gerezani kabla hasira hazijashuka, na zilipoanza kushuka ndipo nikaanza kufikiri. Mama asubuhi, anapokaa mlangoni kuchambua mchele, uso wake unaonekana wote: paji, mashavu, alama ndogo za kwao zilizochanjwa kwenye nyusi. Mwanga unampiga kwa ubavu, unapita polepole. Flashi ya kamera inampiga usoni moja kwa moja kama kofi, inarudi na nguo nyeupe tu. Basi mama hana kosa. Taa ndiyo yenye kosa.

Tangu siku hiyo sikutulia. Mimi nikishikwa na jambo hata chakula nakula nimesimama, na mama alizoea kuniita kiguu na njia. Kwenye vifungio vya karanga nilikuta ukurasa wa gazeti la nje, una picha ya mzee mweusi kama sisi, kila kunyanzi lake linahesabika. Niliutazama ule ukurasa mpaka ukachanika. Ndani ya mboni za yule mzee niliona vidoa viwili vyeupe, kimoja kikubwa kulia, kimoja kidogo kushoto, nikaelewa kwamba ule ndio mng'ao wa taa zake. Alipigwa na taa mbili, moja huku na moja huku, na zote zilikuwa pana kama madirisha.

Taa za studio zenyewe zilikuwa hazishikiki kwa mtu wa aina yangu. Lakini pale sokoni Karume, nyuma ya milima ya nguo, palikuwa na mzee aliyeuza vitu vilivyosafiri ndani ya marobota ya mtumba bila kualikwa: miwani ya wazungu, pasi zisizo na waya, meno ya bandia, na flashi kuukuu za kamera, zingine zimevunjika miguu. Nikawa mteja wake. Nilikuwa nazitia betri pale pale sokoni, nasikiliza. Flashi nzima ukiiwasha inalia mlio mwembamba unaopanda juu, kama mbu anayekukaribia sikioni, halafu taa ndogo nyekundu nyuma yake inawaka kukuambia tayari. Zilizokuwa hazilii nilizinunua pia, kwa ajili ya matumbo yake. Moja niliifungua kwa bisibisi bila kujua kwamba umeme unabaki ndani hata betri zikitoka. Ilinirusha kutoka kwenye kigoda mpaka ukutani, na mdogo wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeanguka kifafa.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyekuwa karibu kuolewa, na wazee walikuwa wameshapanga sherehe ya kumuaga, sendi-ofu, pale pale nyumbani. Mama akaiona hiyo kuwa ndiyo nafasi. "Nitakaa siku moja," aliniambia. "Siku ya sendi-ofu, nikiwa nimevaa. Ukinipata, umenipata. Ukinikosa, usiniombe tena, nitazikwa bila picha na Mungu atanitambua." Mama akisema neno halirudii. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na watoto wa darasa la kwanza hawapewi neno mara mbili.

Nikaanza na waya. Nilizifunga flashi mbili kwenye fimbo za pazia, nikazisimika fimbo ndani ya makopo ya rangi niliyoyajaza zege, na waya ukatoka kwenye kamera ukatambaa sakafuni mpaka kwenye kila moja. Sebule yetu haikuwa kubwa. Siku ya kwanza mdogo wangu alijikwaa, kopo likalala, flashi ikavunjika kioo. Siku ya pili akajikwaa baba, na baba hakuwa mtu wa kujikwaa akanyamaza. Ilibidi zile taa ziwake zenyewe, bila waya.

Fundi redio niliyemwendea Tandika alikuwa mwongo mwenye kipaji. Kabla sijamaliza kueleza alisema vitu hivyo ameshatengeneza vingi sana, na nilijua pale pale kwamba hajawahi. "Sista, hapa tunatia jicho tu," alisema. "Jicho likiona flashi ya kamera yako imewaka, na hii nayo inawaka. Wewe niachie mie." Akapasua deki mbovu ya video, kutoka ndani yake akachomoa kidude kidogo chenye kioo, ambacho kazi yake ilikuwa kuona mwanga mkanda unapofika mwisho. Akakiunganisha na kidude kingine kutoka kwenye matumbo ya flashi yangu iliyokufa. Jicho la kwanza liliona kila kitu: jua mlangoni, kiberiti, taa ya tyubu ikipepesa. Flashi ikawa inawaka ovyo pale mezani kama imepandwa na mashetani, na fundi akisisitiza kwamba ndivyo inavyotakiwa. Niligombana naye, nikaondoka, nikarudi. Nilirudi kila siku. Nadhani alimaliza ile kazi ili asinione tena mlangoni kwake.

Lakini aliimaliza. Jioni niliyozichukua nilizisimamisha sebuleni, nikabonyeza kamera, na kutoka kulia na kushoto mwanga ukajibu kwa pamoja. Hakuna waya, hakuna kitu, hewa tu katikati. Nilibonyeza tena na tena mpaka baba akauliza kama ni radi.

Mwanga wenyewe ulikuwa bado mkali, ikabidi niulainishe. Ile ya kulia niliielekeza ndani ya mwavuli mweusi wa baba, ambao nilikuwa nimeubandika ndani karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, baba akachukia kwa mwavuli lakini akafurahi kwa kuombwa avute zaidi. Ile ya kushoto niliielekeza kwenye beseni jeupe la kufulia nililolifunga kwenye fimbo, mwanga ukagonga beseni ukarudi umetulia. Flashi ya juu ya kamera niliifunga leso, ibaki na nguvu ya kuwaamsha wenzake tu.

Sasa nilihitaji uso wa kujaribia, na mama alikuwa amekwisha kusema siku moja tu. Mdogo wangu ni mweupe, kachukua kwa baba. Uso wangu ulikuwa nyuma ya kamera. Nilichokuwa nacho ni sufuria la kupikia ugali, limeshika masizi ya miaka, linang'aa pale lilipokwanguliwa. Nikalipindua juu ya kigoda, nikalifunga kitambaa cha kichwa cha mama ili nione cheusi na rangi vikiwa pamoja, nikaanza kulipiga picha. Mama akarudi kutoka shule, akasimama mlangoni na mkoba wake wa daftari.

"Huyo ndiye mimi?" aliuliza.

Akakaribia, akalitazama sufuria kwa muda, akakifungua kitambaa na kukifunga upya. "Mfunge vizuri basi," alisema. "Mimi sifungi kilemba namna hiyo." Akaenda zake kubadili nguo.

Picha za sufuria zilipotoka nilizikimbiza nyumbani. Ulikuwa unaona kila kitu: mikwaruzo, kutu kwenye ukingo, hata alama za vidole vya mdogo wangu kwenye masizi. Niliamini nimeshamaliza kazi.

Siku ya sendi-ofu nyumba ilijaa tangu mchana. Ndugu walitoka Mbagala, Yombo, Ubungo, wengine walishuka na basi kutoka Masasi wakiwa na korosho kwenye ndoo. Nilikuwa nimeupanga ukuta mmoja wa sebule: shuka la kijivu nyuma, kiti cha baba mbele, mwavuli kulia, beseni kushoto. Betri nilikuwa nimenunua mpya za kutosha kamera tu. Za zile flashi mbili nilitoa kwenye redio na kurunzi za nyumbani, nikazianika juu ya bati kutwa nzima ya jana yake. Kila nyumba niliyoijua ilianika betri. Redio ilikuwa ikianza kukoroma unazitoa, unaziweka juani, wengine wanaziuma kidogo kwa meno, na redio inaimba tena siku kadhaa. Asubuhi nilizitia kwenye flashi, zikalia, taa nyekundu zikawaka. Nikaridhika. Sikujua kwamba redio inakunywa kwa kijiko na flashi inakunywa kwa mtungi.

Mama alikaa alasiri. Alivaa kitenge cha bluu na kilemba chake, kilichofungwa kama anavyofunga yeye, akaketi amenyooka, mikono mapajani, amekaza uso kama anasubiri sindano. Alikuwa na woga. Sikuwahi kumwona mama na woga, na ule woga wake ukaniingia mimi mikononi. Nikainua kamera. Taa nyekundu kulia imewaka, kushoto imewaka. Nikavuta pumzi.

Mwanga ukapasuka kabla sijabonyeza. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amesimama mlangoni na kakamera kake kadogo ka plastiki alikonunua Kariakoo kwa ajili ya siku ile, na kalikuwa na flashi yake ndani. Macho ya fundi wa Tandika yalikuwa hayachagui. Yaliona flashi, yakajibu flashi. Mimi nikabonyeza baada ya hapo, taa zangu zikiwa tupu.

"Shangazi, naomba usipige kidogo," nilisema.

"Kwani mie si ndugu?" alijibu. "Na mie nina kamera, siyo wewe peke yako."

Nikasubiri. Zile flashi zililia polepole, sauti imelegea, betri za juani zikipanda mlima. Taa nyekundu ya kulia ikawaka, ya kushoto ikachelewa, halafu nayo ikawaka. Nikainua kamera na mjomba akapiga kutoka dirishani. Mwanga ukapasuka tena. Na hapo watu wakagundua mchezo. Kumbe ukibonyeza kamera yako, hata ukiwa mlangoni, hata ukiwa nyuma ya bega la mtu, taa za sebuleni zinakuitikia. Kila aliyekuwa na kamera siku ile, na miaka ile kila ukoo ulikuwa umeshapata mwenye kamera, alikuja kujaribu. Walicheka kwa furaha. Walikuwa wanasukumana mlangoni. Nilipaza sauti, na mtu mmoja kwa nyuma akasema huyu dada ana maringo, picha za familia anatukataza.

Mama hakusogea kitini. Aliniangalia mimi tu, na nilijua anahesabu kimoyomoyo nafasi yake inavyokwisha. Nje walikuwa wameanza kuita keki. Nilipiga picha moja, mbili, zote taa zangu zikiwa hazijajaa, na kila nilipobonyeza nilijua nimepiga nguo. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nilitaka kuwafukuza watu wote, bibi harusi na keki yake pamoja.

Nikaweka kamera mezani. Nikaenda kwenye taa ya kushoto, ile ya beseni, na nikafanya kile tunachofanya kwa kila kitu kinachogoma, redio, feni, kufuli: nikaipiga kofi. Halafu la pili. Nilikuwa nimeinua mkono kwa la tatu, na nadhani nilikuwa natukana, wakati mama aliposema kwa sauti yake ya darasani, nyumba nzima isikie, "Mwiteni yule mwenzangu wa jikoni aje akae yeye. Labda sufuria litatoka."

Na akacheka. Mama alikuwa hacheki mbele za watu, alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja, lakini siku ile mikono ilibaki mapajani. Alicheka kichwa kimekwenda nyuma, mabega yanatikisika, kilemba kikalegea. Shangazi akapiga. Flashi ikapasuka karibu kabisa na kiganja changu, nikaruka, nikaona nyota za kijani, watu wakaangua kicheko, na baada ya hapo zile taa hazikulia tena. Betri zilikuwa zimekufa. Mama akainuka, akarekebisha kilemba, akaenda kulishwa keki.

Picha zangu zilipotoka nilizifungua pale pale kaunta, sikuweza kungoja. Kitenge cha bluu kimetoka vizuri sana. Juu ya kitenge pana kiza. Nilisimama nje ya duka lile watu wananipita, nikalia bila kujificha, kisha nikarudi nyumbani na kumkabidhi bahasha kwa sababu hakuna njia nyingine. Mama akazitazama zote, moja baada ya moja, kama anasahihisha daftari. "Basi, mwanangu," alisema. Angenigombeza ningepona haraka. Nikazing'oa flashi kwenye fimbo, nikazitupia ndani ya boksi chini ya kitanda, na kwa siku nyingi nikawa sikai nyumbani. Natoka asubuhi, nazunguka, narudi watu wameshakula. Nilimchukia shangazi na kamera yake. Nilimchukia fundi na macho yake. Nililichukia hata jua, kwa kunidanganya juu ya bati.

Shangazi alikuja baadaye, mvua zikiwa zimeanza, na picha zake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilitaka kupitia mlango wa uani lakini aliniona. "Njoo hapa," alisema, "njoo uone ulivyoniharibia. Moja tu ndiyo ilikuwa nzuri, na wewe umetia limkono lako."

Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," hivyo hivyo kwa kununa, nikaichukua ile picha.

Mama alikuwa ndani ya picha. Uso wote. Mwanga ulikuwa umetoka kulia kwenye mwavuli, ukapita juu ya paji, ukateremka shavuni, na ule wa beseni ulikuwa umeingia upande wa pili na kuokota kila kilichobaki: chale zake kwenye nyusi, vishimo vya mashavu, mwanya, hata machozi ya kucheka yaliyosimama pembeni mwa jicho. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama ilivyo, na inaonekana. Taa zangu zilikuwa zimejaa wakati ule nilipokuwa nagombana nazo. Zilikuwa tayari, zinangoja mtu yeyote abonyeze, na aliyebonyeza ni shangazi. Na kweli, ukingoni kushoto ulikuwepo mkono wangu hadi kiwiko, umeinuliwa kupiga kofi, vidole vimetawanyika.

Nikampa mama. Hakuichukua pale alipokuwa; alinyanyuka, akaenda nayo mlangoni, mahali pake pa kuchambulia mchele, akaishika kwenye mwanga. Aliitazama mpaka shangazi akaanza kukohoa. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Dada alikuwa hivi. Dada alikuwa anacheka hivi." Ndipo alipolia. Kwenye msiba wenyewe sikumwona akilia namna ile.

Tuliikuza. Niliipeleka kwa fundi fremu na mama akang'ang'ania kuja. Fundi akaipima kwa rula, akasema picha ni nzuri ila kwanza atakata huu upande wa kushoto, kuna mkono wa mtu umeingia, unaharibu. Nilimwambia akate. Mama akaweka kiganja chake juu ya picha.

"Huo mkono haukatwi," alisema.

"Mama, unaharibu picha," nilisema.

"Shangazi yako alibonyeza tu. Mwenye kuhangaika ni huyu." Akamtazama fundi kama anavyomtazama mtoto aliyesahau penseli. "Tafuta fremu ya kuutosha."

Baada ya hapo alikubali kukaa. Flashi zilitoka chini ya kitanda, nikazinunulia betri za kweli, nikawa nafunga mlango kwa komeo kabla ya kupiga. Kwa taa zile zile nilifungua studio chumba cha mbele, na wanawake weusi wa Temeke nzima walikuja kukaa kwenye kiti cha baba. Mama nilimpiga mara nyingi miaka iliyofuata, akiwa ameketi kwa heshima, amefunga mdomo, taa zimekaa zinapotakiwa. Nyingine zimepigwa vizuri kuliko ile, nasema kama fundi.

Lakini alipofariki, ile ndiyo aliyokuwa amekwisha kuichagua. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama hatuna nyingine, kwa maana marehemu huwa habebwi anacheka. Nikamwambia hatuna. Niliibeba mwenyewe, kwa sababu ndugu wote walisema ni kazi yangu, na tulipotoka kwenye kona kuelekea makaburini watu walikuwa wamesimama kando ya njia. Mwanamke mmoja akainama kuitazama. Hakuuliza marehemu ni yupi. Alimtazama mama, akatabasamu bila kutaka, kisha akaniuliza, "Na huo mkono, wa nani?"

Nikamwambia wangu, nikaendelea kutembea.